Kuunda Land Rover 109 ya plastiki ya 1/24 kwenye baridi na vumbi la Nyanda za Juu Kusini

Kwa mtu anayeanza kuunda modeli za plastiki akiwa Mbeya, Iringa au Njombe, tunashauri aanze na Land Rover 109 Series III ya kipimo cha 1/24. Kampuni za modeli za Italeri na Revell zote zimewahi kuitoa seti yake, yaani sanduku la vipande vya kuunganisha. Ndege na vifaru vina seti nyingi zaidi, na baadhi ni rahisi zaidi, lakini ndege ya vita ya mwaka 1940 utaijua kwa picha tu. Land Rover hizi zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na bado zipo zinazopanda milima ya Makete na kushusha mizigo sokoni. Ukikwama kwenye mchoro, unatoka nje na tepu ya kupimia, unainama chini ya gari, unaona mwenyewe springi imekaa wapi.

Kipimo cha 1/24 maana yake milimita 24 za gari halisi zinakuwa milimita 1. Inchi 109 zilizo kwenye jina ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, yaani milimita 2,769. Gawa kwa 24 upate milimita 115. Kumbuka namba hiyo, utaihitaji ukifika kwenye chasisi. Mtu wa mita 1.75 kwa kipimo hiki ana urefu wa milimita 73, na gunia la viazi la kimo cha mita moja ni milimita 42.

Sanduku likitoka nje kwa ndege, mara nyingi linafika bila gundi wala rangi, maana vimiminika vinavyoshika moto havisafirishwi ovyo kwenye mizigo ya ndege. Kwa hiyo utafanya kazi na vilivyopo Mwanjelwa, Iringa mjini, Makambako au Tunduma. Vinatosha, ila ujue kipi kinafanya nini. Modeli nyingi zinazoharibika huku zinaharibiwa na thina isiyo yake au na rangi iliyopakwa siku mbaya.

Vifaa

Plaizi ndogo ya kukatia nyaya, ile ya mafundi redio, yenye upande mmoja wa bapa. Kikata kucha kikali kinaweza kuishika nafasi hiyo. Kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunja, na wembe wa akiba. Msasa wa maji namba 400, 800, 1200 na 2000, unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Karatasi moja ya kila namba inatosha gari zima. Kibano cha nyusi chenye ncha nyembamba. Vibanio vya nguo kumi na rababendi. Brashi tatu: namba 0, namba 2 na moja bapa ya milimita 8 hivi. Pamba za masikio. Kipande cha kioo cha dirisha cha sentimita 20 kwa 30, ambacho ndicho kitakuwa meza yako, kwa sababu mbao za meza nyingi hazijanyooka na kioo kimenyooka.

Vijiti vya kukorogea, kukwangulia na kupakia gundi visikugharimu kitu. Mwanzi uleule unaotoa ulanzi, ukikauka na kupasuliwa, unatoa vijiti vyenye ncha ngumu ambavyo havikwaruzi plastiki kama chuma.

Thina mbili zenye jina moja

Plastiki ya seti hizi ni polistairini. Gundi yake hainati kama gundi ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili kidogo, zinachanganyika, kisha kimiminika kinapotea hewani na vipande vinabaki kitu kimoja. Ukiipata Tamiya Extra Thin, chupa yenye kifuniko cha kijani, itumie. Usipoipata, thina ya NC wanayotumia mafundi rangi wa magari inafanya kazi ileile.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Dukani ukisema "thina" unaweza kupewa ile ya rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Hiyo haiyeyushi polistairini. Utapaka, utabana, utasubiri hadi kesho, na vipande vitaachana mkononi. Jaribu kwanza: dondosha tone kwenye kipande kisicho na kazi cha fremu, ile mifupa ya plastiki inayoshikilia vipande vya seti, hesabu hadi kumi, kandamiza kwa ukucha. Alama ikibaki, hiyo ni thina ya NC na itaunga. Isipobaki, usiitupe, utaihitaji mwishoni wakati wa kuchafua gari. Andika majina kwenye chupa zote mbili siku hiyohiyo. Petroli usiiguse: inaila plastiki ovyo na inaiacha ikipasuka nyufa.

Namna ya kupaka: shikanisha vipande vikiwa vikavu, gusa kiungo kwa brashi namba 0 iliyolowa kidogo, na kimiminika kitakimbia chenyewe kwenye mwanya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Subiri sekunde tano, kandamiza mpaka ushanga mwembamba wa plastiki laini utokeze kando ya kiungo. Ushanga huo ndio dalili kwamba kumeungana. Kidole chako kisikae juu ya mshono. Thina itakimbilia chini ya kidole na itaacha chapa ya kidole ambayo msasa utahangaika nayo nusu saa.

Supa gluu iwe ya chuma, ya raba na ya kuziba, basi. Isikaribie vioo, kwa sababu mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Vioo vinashikwa na gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani, na ikimwagika inafutika kwa pamba yenye maji.

Kuhusu usalama hatuna mengi, lakini haya usiyapuuze. Thina na spreyi vinashika moto, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Mwezi wa sita na wa saba, watu wa Njombe na Makete wanapoingiza jiko la mkaa ndani ili kuota, usifungue chupa ya thina chumba hicho. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa, haizuii mvuke wa thina. Dirisha wazi ndilo linalosaidia, baridi au hakuna baridi.

Kutenga vipande

Vipande vinakuja vimeshikiliwa kwenye fremu kwa vikonyo, kama embe na kikonyo chake. Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo kidogo, kwa mswaki mzee. Kiwandani kalibu inaweza kubaki na mafuta ya kusaidia plastiki itoke, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya rangi ibanduke kama gamba. Suuza, anika kivulini. Usiianike juani juu ya bati: polistairini inaanza kulainika karibu na nyuzi 100, lakini kipande chembamba kinapinda mapema zaidi.

Usikate vipande vyote kwa siku moja. Namba iko kwenye fremu, na ukishatenga springi nne zinazofanana hutajua ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Kata kwa hatua ya mchoro unayofanyia kazi tu.

Kata mara mbili. Mara ya kwanza mbali, acha milimita mbili za kikonyo. Mara ya pili kwa wembe, karibu na mwili wa kipande, kisha maliza kwa msasa namba 400 na 800. Ukikata mara moja kwa plaizi pale mwilini, plastiki inavutwa na kuacha doa jeupe na kashimo. Doa jeupe ni plastiki iliyochoka, haliondoki kwa kusugua. Litafunikwa na rangi tu.

Vipande vilivyopakwa kromu, kama vile vya ndani ya taa na vioo vya pembeni, havishiki gundi mpaka ukwangue kromu pale vinapogusana. Ukitaka kuiondoa yote, loweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ambayo wengi wanaiita jiki. Kwa kawaida inatoka ndani ya saa moja. Isichanganywe na sabuni wala siki.

Angalia pia dashibodi kabla ya kuanza. Baadhi ya matoleo yamelenga Ulaya na mchoro unaonyesha usukani wa kushoto. Tafuta kwenye fremu kama kuna dashibodi ya kulia. Kama haipo, usukani na pedali vinahamishika, lakini lazima uamue kabla ya kugandisha sakafu.

Chasisi

Makosa ya chasisi hayafichiki, kwa sababu gari litasimama kwa miguu mitatu milele. Kwa hiyo hapa usiwe na haraka, hata kama ndiyo sehemu ambayo mtazamaji haioni.

Unganisha reli mbili ndefu na zile za kukatiza bila gundi, uzishike kwa rababendi, uziweke juu ya kioo. Zikitikisika, kuna reli iliyopinda. Chemsha maji, yaache dakika mbili yapoe kidogo, tumbukiza sehemu iliyopinda sekunde ishirini, inyooshe kwa vidole, kisha izamishe kwenye maji baridi huku umeishikilia. Huko Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo ukilazimika kurudia mara mbili au tatu usishangae. Kinachokatazwa ni kuipitisha juu ya mshumaa. Plastiki haitoi onyo: dakika hii imenyooka, dakika ijayo imekunjamana.

Ikishatulia, paka gundi kiungo kimoja kimoja, pembe kwa pembe, na kila baada ya viungo viwili irudishe kwenye kioo. Kisha springi, ekseli na difu. Springi za gari hili ni za bapa, pande zote nne, na kila moja ina mshono wa kalibu unaozunguka ukingoni. Ukwangue kwa wembe ulioushika wima. Msasa utafuta alama za majani ya springi. Pima kitovu hadi kitovu: 115 kulia, 115 kushoto. Tofauti ya milimita moja maana yake ekseli imekaa mshazari, na gundi ikiwa haijatimiza nusu saa bado unaweza kuivuta. Weka magurudumu bila gundi, simamisha kwenye kioo, pitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Karatasi ikipita bure chini ya moja, rekebisha leo.

Tairi za seti nyingi ni za raba laini, na zina tabia mbaya. Mafuta yanayoilainisha raba yanahama polepole na kuila rimu ya plastiki. Baada ya miaka michache rimu inakuwa kama imelambwa. Paka rimu rangi yote, hata pale ambapo tairi litafunika, kisha tabaka jembamba la gundi nyeupe, iache ikauke siku nzima ndipo uvalishe tairi. Kwa sababu hiyohiyo, mfuko wa tairi usikae kwenye sanduku pamoja na vioo. Tairi mpya zina mng'ao wa kiwandani. Zisugue kwa msasa 400 pale zinapogusa barabara mpaka ziwe za kijivu.

Bodi na puti

Kosa la watu wenye bidii ni kuziba kila mwanya. Land Rover haikujengwa hivyo. Bodi yake ni vipande bapa vya aluminiamu vilivyofungwa kwa bolti na ribiti, na nyufa kati ya madigadi, milango na boksi la nyuma zinaonekana kwenye gari halisi tangu likiwa jipya. Kasimame mbele ya gari halisi, piga picha pande zote, kisha rudi mezani. Mshono ambao upo kwenye picha uache. Usiokuwepo ndio wa kuziba.

Vinavyozibwa ni viduara vya pini za kiwandani, hasa upande wa ndani wa milango na chini ya paa, na mabonde madogo kwenye plastiki nene. Kuna njia tatu. Bodifila ya magari inafaa, lakini chukua kiasi cha punje ya harage na kigumishi kidogo mno, maana inaganda ndani ya dakika chache. Njia ya pili ni supa gluu iliyochanganywa na poda ya watoto iwe uji mzito; hii haisinyai, lakini uisugue ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utakula pembeni na kuacha kilima katikati.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendelea kwa mishono mirefu: mchuzi wa plastiki. Katakata mabaki ya fremu yawe kama punje za mchele, jaza robo ya chupa ndogo ya kioo, mwagia thina ya NC mpaka yafunikwe, funga, acha usiku kucha. Asubuhi koroga kwa kijiti. Iwe nzito kama asali. Ikiwa nyepesi ongeza vipande, ikiwa nzito ongeza thina. Kwa kuwa ni plastiki ileile, ikikauka inasugulika sawa na bodi. Ubaya wake ni kwamba inasinyaa, na inaendelea kusinyaa siku kadhaa. Ukisugua kesho yake mshono utakuwa umetoweka, utapaka rangi, na baada ya wiki utauona umerudi kama kovu, kwa sababu thina iliyokuwa imebaki ndani ilitoka baadaye. Iringa mwezi wa kumi, subiri siku mbili. Njombe mwezi wa saba, siku nne.

Sugua kwa maji, namba 400, kisha 800, kisha 1200. Msasa uuzungushie kipande cha mbao bapa, kwani kidole kitupu kinachimba bonde.

Rangi na hali ya hewa

Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Usiku wa kiangazi cha baridi sehemu za juu unakaribia barafu, na asubuhi plastiki yenyewe bado ni ya baridi hata jua likiwa limetoka. Rangi ikitua juu ya plastiki baridi inakawia kukauka, inatiririka na kukusanyika kwenye kona. Kopo la spreyi likiwa baridi presha yake inashuka, linatema matone badala ya ukungu. Liweke dakika kumi kwenye beseni la maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Kamwe lisiwekwe jikoni wala juu ya hotipoti.

Masika yana balaa yake, na watu wa Tukuyu wanalijua zaidi. Thina inapopotea inaupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua pale, na rangi inapauka kama imepuliziwa majivu. Siku ambayo nguo hazikauki kwenye kamba usipulize kitu. Ikishapauka, ngoja siku kavu, upulizie tabaka moja jembamba sana la rangi ileile; mara nyingi ukungu unapotea. Kuanzia mwezi wa nane adui ni vumbi la upepo. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza, na ukimaliza funika modeli kwa beseni lililogeuzwa, ukiacha mwanya wa kidole ili mvuke utoke.

Anza na praima ya kijivu, rangi ya chini inayoishikisha rangi ya bodi. Ya kopo, ya magari, inafaa, lakini ijaribu kwenye fremu kwanza, kwani baadhi zina thina kali inayochora nyufa kama za tope lililokauka. Tabaka la kwanza liwe la kutimua tu, ukiwa umbali wa sentimita 25, plastiki bado inaonekana chini yake. Subiri dakika kumi na tano. La pili na la tatu ndiyo yanayofunika. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye gari na achia baada ya kulipita, la sivyo matone ya mwanzo na ya mwisho yatatua juu ya boneti. Kagua kwenye mwanga wa ubavuni: mikwaruzo yote uliyodhani umeimaliza itajitokeza. Irudie kwa msasa 1200, praima tena.

Rangi ya bodi tunashauri iwe ya akriliki, ambayo si rangi ya mafuta, kwa sababu hatua za uchafu baadaye zinatumia thina ya rangi ya mafuta, na akriliki iliyokauka haitikisiki nayo. Ukipaka bodi kwa rangi ya mafuta kisha ukachafua kwa thina yake, utaivua. Kwa brashi, punguza rangi mpaka iwe kama maziwa, paka matabaka matatu membamba, la pili likikata la kwanza, na usirudi nyuma kugusa palipoanza kushika. Akriliki za Vallejo zinakubali brashi. Za Tamiya zinakauka haraka na kuacha michirizi, zinafaa zaidi kupulizwa. Mwenye brashi ya hewa na kompresa achanganye Tamiya sehemu mbili kwa thina yake sehemu moja, presha ya bar 1 hadi 1.4, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Uso ukiwa kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito au ulikuwa mbali. Lainisha kwa msasa 2000 wenye maji, upulizie tena.

Kijani cha shaba iliyokolea kwa bodi na paa jeupe lililochuja kuelekea kijivu cha chokaa ni mchanganyiko wa Land Rover wenyewe na unajulikana huku. Ongeza tone moja au mawili ya nyeupe kwenye kijani, maana kitu kidogo rangi yake inaonekana nzito kuliko kikubwa. Anza na paa, likauke, lifunike kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ndipo kijani. Ibandike tepu kwanza kwenye kiganja ili ipunguze ulafi wa gundi, na uibandue rangi ikiwa haijagumu kabisa, ukiivuta kurudi juu yake yenyewe.

Kujua kama imekauka, inuse. Ikinuka bado haijakauka, hata kama haigandi kidoleni.

Namba na stika

Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanasa kwenye vinyweleo vya rangi na stika inaonekana na kivuli cha fedha ambacho hakiondoki. Kwa hiyo pitisha vanishi angavu kwanza, usiku mmoja. Kata stika karibu na mchoro, izamishe kwenye maji ya vuguvugu sekunde kumi na tano, itoe, iache juu ya tishu dakika moja. Ikiteleza kwenye karatasi yake ndipo uisogeze kwenye gari lililolowanishwa. Kamua maji kwa pamba ya sikio kutoka katikati kwenda nje. Pale inapopita juu ya ribiti, gusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha kandamiza kwa kitambaa chenye joto.

Vibao vya namba vya seti vitakuwa vya Ulaya. Pima kibao cha gari halisi, gawa kwa 24, chora kwenye kompyuta mandhari ya njano na maandishi meusi ya gari la mtu binafsi, au nyeupe kwa gari la biashara, na upeleke stesheneri wakuchapie kwenye karatasi ya picha. Ukingo wa karatasi uukolezee rangi, la sivyo mstari mweupe utakusaliti. Namba yenyewe iwe ya kubuni.

Kuchafua gari kama linavyochafuka huku

Bodi ni aluminiamu. Haishiki kutu. Mwanzoni kila mtu anataka kupaka kutu kwenye madigadi na boneti, na kila anayelijua gari hili anacheka. Rangi ikibanduka kwenye madigadi, chini yake panaonekana fedha iliyofifia. Kutu iweke palipo na chuma: chasisi, bampa, rimu, ekzosi, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Mikwaruzo ya fedha iweke kwenye kona za boksi la nyuma linapogongwa na mizigo, kingo za mlango wa dereva, na sehemu ya juu ya madigadi ambapo watu wanaegemea. Kipande cha sponji kilichochovywa rangi kidogo na kufutwa kwenye karatasi kinafanya mikwaruzo ya asili kuliko brashi.

Sasa ile thina ya rangi ya mafuta. Changanya tone la rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea na thina mpaka iwe kama chai ya rangi, gusa kwenye mishono ya milango na kuzunguka ribiti, itakimbia yenyewe. Baada ya dakika ishirini, futa ziada kwa pamba yenye thina kidogo, ukivuta kutoka juu kwenda chini, jinsi mvua inavyoosha. Asiye na rangi ya mafuta achukue rangi ya maji nyeusi na kahawia, maji, na tone la sabuni ya vyombo ili isikusanyike kama shanga.

Vumbi lichukue mahali gari linapofanyia kazi. Udongo wa Iringa ni mwekundu; wa Tukuyu ni wa volkano, mweusi. Chota kijiko, kaanga kwenye kikaango kikavu ili uondoe unyevu na wadudu, twanga, chuja kwenye soksi ndefu za nailoni za mitumba, mara mbili. Punje ya udongo isiyochujwa inakuwa jiwe kwenye 1/24. Chaki iliyosagwa, nyekundu na kahawia, ni laini zaidi na tunaipendelea kwa vumbi la juu. Udongo halisi uuache kwa matope. Paka vumbi kwa brashi kavu. Mgongo wa gari uwe mchafu kuliko ubavu, kwa sababu gari likienda hewa inazunguka nyuma na kulivuta vumbi hadi mlangoni, wakati boneti inapulizwa. Pale waipa zilipofuta kioo, acha nusu duara mbili safi.

Matope ni udongo uliochujwa, gundi nyeupe na maji, uji mzito. Yatupie ndani ya madigadi na nyuma ya magurudumu kwa kukwangua brashi iliyolowa dhidi ya kijiti. Matope ya jana yamepauka, ya leo yamekolea na yanang'aa. Ukiweka yote mawili, ya leo yawe juu na machache.

Vanishi isiyong'aa ipite kabla ya vumbi la mwisho, kwani ukiipulizia juu ya vumbi nusu yake litatoweka machoni. Vioo viingie baada ya vanishi, kwa gundi nyeupe, la sivyo vitakuwa kama vya bafuni. Kwaruzo dogo kwenye kioo linatoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini.

Ukitaka mzigo, viazi. Shona vijifuko vya kitambaa cheupe chembamba cha pamba, kimo cha milimita 42, jaza unga wa mbao wa msonobari. Vichovye kwenye gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, vipange bado vimelowa ili kila kimoja kibonyee kwa uzito wa cha juu yake. Kwa lumbesa, ongeza kilemba mdomoni kwa uzi wa kushonea uliosukwa wavu, na viazi vinavyochungulia viwe vipande vya mchuzi wa plastiki vilivyoviringishwa vidoleni vikiwa vinaanza kushika. Springi za nyuma za gari lenye mzigo huo zilegee: kwangua milimita moja chini ya kikalio cha bodi upande wa nyuma kabla ya kuiunganisha na chasisi, maana baadaye haitawezekana.